Rufaa ya Miguu ya Baba

Baba yangu alinyimwa fidia ya ulemavu kwa sababu alitembea vizuri mno. Najua linachekesha, na sisi wenyewe tulikuja kulicheka, lakini siku kaka yangu aliponisomea uamuzi kwenye simu nilikuwa nimekaa juu ya robota la jinzi pale Shahe, soko la nguo la Guangzhou, China, na nilitukana mpaka mama mwenye duka akaacha kikokotoo chake akanitazama. Hakujua Kiswahili hata neno moja, ila matusi hayahitaji mkalimani. Alinisogezea kikombe cha maji ya moto, maana kwa Wachina wale hakuna msiba usiotibiwa na maji ya moto, nami nikayanywa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Baba alikuwa mwanajeshi, mkufunzi wa gwaride, mtu aliyekwenda vita vya Kagera akarudi na viungo vyake vyote. Kisukari kilimpata angali kazini, na hilo halikuwa na ubishi, lilikuwa kwenye faili lake la matibabu. Baada ya kustaafu kikamshukia chini: ganzi kwenye nyayo, vidonda vya vidole visivyotaka kupona, na ukungu kwenye jicho la kushoto. Askari aliyeugua kazini, na ugonjwa ukamlemaza, alikuwa na haki ya kuomba fidia, na pamoja nayo matibabu na dawa. Kwa mzee anayejichoma insulini kila siku, hizo dawa ndizo zilizokuwa roho yake. Akaomba. Bodi ya madaktari ikamwita, ikamkagua, ikajibu kwamba sukari anayo, lakini anatembea bila msaada na hana malalamiko. Akakata rufaa, akaitwa tena, akarudi na jibu lile lile. Ilibaki rufaa moja, ya mwisho. Baada ya hapo mlango ungefungwa.

Kaka ndiye aliyemsindikiza mara zote mbili, kwa hiyo kwake nilipata habari kamili. Asubuhi ya bodi baba aliamka kabla ya adhana, akapiga pasi suti yake mpaka mkunjo wa suruali ungeweza kukata kitunguu, akang'arisha viatu. Fimbo aliyonunuliwa na dada yetu aliiacha nyuma ya mlango. Alipoitwa jina aliingia kwa hatua za gwaride, akasimama wima, akapiga saluti. Mwenyekiti akamuuliza hali yake, naye akajibu kwa sauti ya uwanjani kwamba yu mzima kabisa. Wakamuuliza miguu je? Inanisumbua kidogo, afande, si sana.

Jamani, kwetu mtu hata akiwa anakata roho, ukimwamkia atasema hajambo, kisha ndipo akueleze kwamba anakata roho. Kosa la baba ni kwamba alisema lile la kwanza akanyamaza.

Nikamwambia kaka ampandishe ndege aje kwangu Guangzhou. Miaka ile biashara ilikuwa imepamba moto, kila aliyetua alikuwa na ndoto ya kontena, na mimi nilikuwa nanunua nguo Shahe na kuzipeleka Kariakoo. Nilitoa sababu ya maana: kulikuwa na hospitali ambayo wafanyabiashara wenzangu waliiamini, baba apimwe mishipa ya fahamu, aende na ripoti mpya. Hiyo ilikuwa kweli. Lakini kweli zaidi ni kwamba nilitaka, mimi bintiye, nimkalishe mbele yangu nimfundishe kuumwa.

Niliishi Xiaobei, mtaa uliojaa Waafrika, ghorofa ya juu, na watu wawili ambao mpaka leo nikiwakumbuka naona nilibahatika kuliko nilivyostahili. Mmoja alikuwa mwanamke wa Unguja aliyenizidi umri, mwenye biashara ya kuwapikia Waswahili. Sote tulimwita Dada. Wa pili alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, wakala wa mizigo: alikusanya bidhaa za watu, akazipanga kwenye makontena na kuzipeleka bandarini Huangpu. Alikuwa mtu wa kanisa, wa suti na marashi, na Kichina alikiongea kama aliyekinyonya kwa mama. Aliposikia baba anakuja, hakuombwa na mtu. Alihamisha godoro lake akalitandika sebuleni kati ya maboksi, akasema mzee alale chumba kilicho karibu na choo. Hakuwa hata amemwona.

Pale uwanja wa ndege wa Baiyun nilikuwa nimemwombea baba kiti cha magurudumu. Mlango ulipofunguka akatoka wa kwanza, begi mkononi, kifua mbele, na nyuma yake binti wa Kichina anakimbia akisukuma kiti kitupu. Nilipomwamkia nikamuuliza miguu, akasema safi. Nilitaka kumpiga, lakini huwezi kumpiga baba yako, basi nikambusu mkono.

Kukaa nyumbani alikataa. Kulipokucha tu tulikwenda naye Shahe, sokoni, akasimama kwenye vile vichochoro vya maduka akiwasimamia wapagazi wa Kichina kana kwamba ni makuruta wake. Neno la kwanza la kienyeji alilolishika ni mei you, hakuna, ambalo wenye maduka humtupia mteja asiyewapendeza. Lilimfurahisha mno. Jioni Dada akimuuliza kama ana maumivu, anajibu mei you, na wote tunacheka, mimi nikicheka huku nimeuma meno.

Siku moja tulirudi mchana, Dada akiwa ametandika mkeka wa chakula. Baba akavua raba zake mlangoni. Dada alikuwa wa kwanza kuona: soksi ya mguu wa kulia ilikuwa nyekundu. Kwenye wayo mlikuwa na pini, zile pini za kubania kola za mashati mapya, zimejaa sakafuni kule sokoni kama mchele uliomwagika. Ilikuwa imetoboa raba na kuzama mpaka kichwani. Alikuwa ametembea nayo tangu asubuhi, akapanda na kushuka ngazi za soko lile, akasimama kwenye basi njia nzima, na hakuwa na habari.

"Kumbe," alisema, akiutazama mguu ule kama wa jirani.

Dada alipiga magoti akaushika. Baba akajaribu kuurudisha, aibu imemjaa, mwanamke asiye mwanawe wala mkewe amshike mguu. Dada hakumwachia. Alimwambia, kwa utulivu kabisa, kwamba yeye kwao huosha maiti, sembuse mguu wa mtu aliye hai. Akaing'oa pini, akakisafisha kidonda kwa maji ya chumvi na dawa, akakifunga. Mimi nilikuwa nimesimama na sufuria mkononi, nimeogopa kuliko nilivyopata kuogopa maishani. Ganzi niliijua kwa jina tu; mpaka saa ile nilidhani baba anaficha maumivu. Sikujua kwamba hakukuwa na maumivu ya kuficha, na kwamba hilo ndilo baya zaidi.

Hospitali tulikwenda na yule Mkongo, awe mkalimani. Daktari alikuwa mwanamume mwembamba, mpole. Alimlaza baba, akamwambia afumbe macho, akachukua kiuzi kigumu chembamba na kuanza kumgusa nyayo. Kila akiguswa, aseme. Baba akaanza: nasikia. Nasikia. Nasikia. Daktari akaacha kumgusa, akabaki ameshika kile kiuzi hewani, na baba bado anasema nasikia. Mkongo akanitazama mimi kwanza. Kisha akainama karibu na sikio la baba.

"Papa," alisema kwa sauti ya chini, "docteur hajakugusa."

Baba hakufumbua macho. Alinyamaza, na kuanzia hapo hakudanganya tena chumbani mle. Kiuzi kilipita wayo mzima, na mara moja tu, karibu na kisigino, akasema hapo. Daktari yule hakucheka wala hakukemea. Alirudia kipimo chote tangu mwanzo, taratibu, akapima na macho, akatuandikia ripoti akamwomba na mwenzake mmoja aiweke kwa Kiingereza. Jina lake sikupata kulijua vizuri. Namwombea kila nikikumbuka.

Basi ripoti tukawa nayo, lakini mimi nilijua ripoti peke yake haitatosha. Ikiwa karatasi inasema mtu hasikii miguu yake na mtu mwenyewe anaingia kwa gwaride, bodi itaamini macho yake. Ndipo Jumapili moja Mkongo alipotoka kanisani, na suti yake bado mwilini, akasema tufanye bodi yetu wenyewe. Akasogeza meza, akakaa katikati kama mwenyekiti. Dada akawa daktari. Mimi nikawa karani, nikatumwa mlangoni kumwita mzee.

Baba aliingia kwa gwaride. Saluti. Mzima kabisa, afande.

Tukamrudisha nje, tukamsihi, akaingia tena, na safari hii alijitahidi kweli, nililiona jasho lake, lakini mwili wake ulikuwa haujui njia nyingine ya kuingia mbele ya wakubwa. Mara ya tatu alikuwa amekasirika, basi akatembea vizuri zaidi. Mwenyekiti wetu akavua koti, akalitundika kwenye kiti, akamwomba baba akae. Ili mumwelewe alichosema, mjue kwamba kazi yake ilikuwa mizigo, na mizigo hulowa. Kontena likivuja baharini, marobota hufika yananuka ukungu, na mwenye mali hudai bima. Wengi wetu tulikosa bima kwa sababu moja: ndugu zetu walioupokea mzigo waliona aibu ya nguo mbichi, wakazianika, wakazikunja vizuri, na mkaguzi alipofika akakuta nguo kavu.

"Papa," alisema, "balo ikisha kuingia mayi, usiianike. Unaiacha vile vile, muntu wa assurance aione na macho yake. Weye kila mara unajianika kwanza. Unapiga pasi, unapakaa viatu mafuta, unaenda kule mukavu. Batakulipa nini?"

Baba alisimama. Alisema yeye si robota, na hakuja China kufananishwa na mitumba. Akaingia chumbani, chumba cha yule yule aliyemkosea, akafunga mlango. Kwa siku kadhaa alizungumza nasi kwa adabu tu, na adabu ya baba ilikuwa adhabu kubwa. Mkongo aliumia, aliniuliza kama amevunja heshima. Nilimwambia ukweli haukosi kuvunja kitu.

Kisha asubuhi moja nilikuwa jikoni nachambua mchicha wa Kichina, baba akaja, akavuta kigoda. Hakunitazama. Aliniambia kwamba alipokuwa mkufunzi, makuruta walikuwa wanakuja kwake wakichechemea, afande mguu unauma, naye alikuwa na jibu moja kwa wote: mguu hauna mdomo. Kisha anawaongezea mizunguko ya uwanja. Aliwaita watoro. Wengine walikuwa watoro kweli, alisema, lakini si wote, na alikuwa anawakumbuka wale wasiokuwa. Mmoja alikuja kukatwa kidole.

"Sasa mama," aliniambia, na baba huniita mama anapokuwa hana silaha, "leo nikakae mbele ya maafande nilie mguu? Mimi?"

Niliendelea na mchicha wangu. Mwishowe nilimwambia tu kwamba wale makuruta walisema, yeye ndiye hakusikia. Na kwamba bodi ile nayo haitasikia kitu ambacho hakijasemwa. Alichukua fungu la mchicha akaanza kunisaidia kuchambua, na majani mengi mazuri aliyatupa pamoja na mabovu kwa sababu ya lile jicho.

Aliyemfundisha hasa alikuwa Dada, wala si mimi. Toka siku ile alianzisha mtindo wake. Asubuhi anamletea chai isiyo na sukari, anasema shikamoo baba, anapokea marahaba, kisha anabaki ameishikilia ile chai. Umeamkaje? Sijambo. Chai haishuki. Sijambo, lakini? Na baba, akiwa na hamu ya chai yake, analazimika kuongeza kitu. Sijambo, lakini kidole gumba kinawaka moto, na nikikigusa sisikii. Chai inashuka. Kesho yake: sijambo, lakini nimeamka sioni saa ya ukutani. Alianza kwa kunung'unika, akaja akazoea, na siku za mwisho alikuwa anayatoa yote bila kubanwa, kwa mpangilio, toka kichwani hadi kisigino, kama mtu anayetoa ripoti ya kikosi. Mkongo alikuwa akisikiliza toka kwenye godoro lake na kusema amina. Walikwisha kupatana, baba alianza kumwita Mwenyekiti, jina likamkaa mpaka kwa wateja wake.

Alipoondoka, kiti cha magurudumu alikikataa tena. Mkono wangu aliukubali, na tulitembea hivyo mpaka pale wasiosafiri wanapozuiwa.

Habari za bodi nilizipata kwa kaka. Asubuhi ile baba hakuomba pasi. Alichukua fimbo, na aliingia polepole akitazama chini, kwa sababu macho yake ndiyo yaliyokuwa yanamwambia miguu iko wapi. Saluti ilimtoka, hilo hakuweza kulizuia. Kisha akaomba kiti. Mwenyekiti wa kweli akamuuliza hali, akajibu hajambo, na kaka anasema alijua tumeshindwa. Lakini baba alivuta pumzi akaendelea. Alivua viatu, akavua soksi, akaweka nyayo zake mbele ya wakubwa wale.

"Waheshimiwa, mimi siisikii miguu hii," aliwaambia. "Nilipokuja hapa mara mbili zile, mlichokiona ni gwaride. Hamkuiona miguu."

Akaeleza pini ile. Akaeleza maji ya moto aliyowahi kukanyaga bafuni, jambo ambalo hata sisi wanawe tulikuwa hatulijui. Daktari mmoja akaisoma ripoti ya Guangzhou, akashuka kwenye kiti chake, akapiga magoti na kupima mwenyewe. Baba alifumba macho, na alipoguswa asisikie, hakusema kitu.

Uamuzi ulichukua miezi. Ulipotoka, walimkubalia miguu, jicho wakalikataa, wakisema lingeweza kuwa la uzee. Kaka alitaka kununa kwa ajili ya jicho. Nilimwambia apige goti ashukuru. Dawa zilikuwa zimepatikana, kliniki imepatikana, na viatu maalumu vya kulinda nyayo. Dada alipika pilau akawalisha hata Wachina wa ghorofa ya chini. Mimi nililia jikoni, na sikusema ni vitunguu. Namshukuru Mungu, nawashukuru na hao wawili, ambao hawakuwa damu yangu na walimbeba baba yangu kama wao.

Baba alipiga simu siku ile, lakini hakunitaka mimi. Alimtaka Mwenyekiti. Nikaiweka simu mezani kwa sauti kubwa, tukakusanyika. Alimshukuru, akamwambia robota limelipwa, na Mkongo akacheka huku akijifuta macho kwa kitambaa chake cha kanisani. Kisha baba akasema kuna jambo la siku ya bodi ambalo hakuwa amemwambia mtu, hata kaka.

Pembeni mwa meza ile, alisema, alikuwapo afisa mmoja, bado yumo kazini, mwenye sare na nyota zake, ambaye muda wote hakufungua mdomo. Baba alipomaliza na kutoka, kaka alikwenda kutafuta teksi, naye akabaki peke yake kwenye benchi la ukumbini. Afisa yule akamfuata. Akaangalia huku na huku, akamwuliza kwa sauti ya chini ile ganzi ilianzaje, ilianzia kidole gani. Baba alidhani bado anapimwa, akasimama ili ajibu vizuri. Kisha akamtazama usoni.

Dada akaisogelea simu, akauliza, "Ukamwambiaje, baba?"

"Nilimwambia, afande, kaa hapa. Vua kiatu, nikutazame."